Wazee wetu, bangi na ukimya mbele ya daktari

Kila panapozuka mjadala wa dawa za kulevya nchini, sura inayochorwa ni moja tu, nayo ni ya kijana. Katika hotuba za machifu barazani, katika mabango yaliyotundikwa kwenye kuta za shule na katika insha ambazo walimu huwatungisha wanafunzi wao, mtumiaji wa bangi ni kijana aliyeacha masomo, macho yamemwiva, ameketi kichochoroni na wenzake. Mwezi wa Mei 2024, serikali za Kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, kabla ya mahakama kuzisimamisha amri hizo, hoja iliyotawala ilikuwa ile ile: tuwaokoe vijana. Hoja hiyo ni ya haki, wala safu hii haina nia ya kuipinga. Hata hivyo, anayemulika taa upande mmoja wa nyumba hana budi kukumbuka kwamba upande wa pili ameuacha gizani.

Upande huo ndiko waliko wazee wetu. Mwaka 2022, NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilitoa utafiti uliokadiria kwamba Wakenya wapatao 518,000 walikuwa wakitumia bangi, yaani mtu mmoja katika kila 53. Yafaa ifahamike kwamba utafiti huo uliwahusu watu wa umri wa miaka 15 hadi 65. Aliyekuwa na miaka 66 hakuulizwa, na kwa hiyo hakuhesabiwa.

Kutohesabiwa si kutokuwapo. Kijana aliyevuta msokoto wake wa kwanza mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 20, leo amefika miaka 70 au ameipita. Wapo wa rika lake walioiacha bangi zamani, wapo waliozeeka nayo, na wapo ambao hawakuijua ujanani bali wameikimbilia uzeeni kwa kuambiwa kwamba ni dawa ya mifupa na usingizi. Nchini Marekani, ambako wazee huhesabiwa, watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliosema kuwa wametumia bangi katika mwezi uliotangulia walikuwa asilimia 4.8 mwaka 2021. Kufikia mwaka 2023 walikuwa asilimia 7. Basi si busara kudhani kwamba mvi ni kinga ya bangi.

Hebu tukitazame kisiwa cha Funzi, kusini mwa Msambweni, karibu na mahali ambapo Mto Ramisi humwaga maji yake baharini. Hatusemi kwamba Funzi ina bangi kuliko Gazi, Shimoni, Ukunda au mji mwingine wowote. Tunakitaja kisiwa hiki kwa kuwa safari ya mkaazi wake kwenda hospitali yatuonyesha thamani ya kila neno litamkwalo mbele ya daktari. Mgonjwa wa Funzi anayetaka kufika katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni hana budi kupanda chombo hadi Bodo, kisha atafute pikipiki au gari la kumfikisha barabara kuu ya Lungalunga, na kutoka hapo aendelee hadi Msambweni. Kuna nauli ya maji na nauli ya nchi kavu. Kuna kungoja maji yajae, na kuna kungoja zamu kwenye benchi. Baada ya yote hayo, mzee hupata dakika chache tu za kuzungumza na tabibu. Akizitumia dakika hizo kuficha jambo moja lililo muhimu, safari nzima yaweza kuwa ya hasara.

Mathalani, tumfikirie mzee wa umri wa miaka 72. Ujanani mwake alivua, alikata boriti za mikoko, na alivuna miwa ya kiwanda cha sukari cha Ramisi hadi kilipofungwa mwaka 1988. Mwili wake umeyabeba yote hayo. Magoti yanamuuma, mgongo umepinda, usingizi umemhama, na juu ya hayo ana maradhi ya shinikizo la damu. Kila usiku, wajukuu wakiisha kulala, huketi nyuma ya nyumba akavuta msokoto mmoja. Anapofika hospitali, tabibu humuuliza kama anatumia dawa nyingine. Mzee humtazama mjukuu aliyemsindikiza, akainamisha kichwa na kujibu, "La, mwanangu, situmii kitu." Tabibu huandika dawa, naye mzee hurudi kwao. Hakuna aliyesema uongo kwa nia mbaya, lakini dawa imeandikiwa mtu ambaye tabibu hakumjua.

Dai letu ni kwamba ukimya huo wenyewe ni hatari, na mara nyingi ni hatari kuliko msokoto. Bangi inayojulikana kwa daktari inaweza kupimwa, kujadiliwa, kupunguzwa na hatimaye kuachwa. Bangi iliyofichwa hufanya kazi yake gizani, na lawama huitupia dawa, ugonjwa au uzee.

Tuanze na mwili wenyewe. Kemikali ya bangi inayolevya, ambayo wataalamu huiita THC kwa ufupi, hupenda kukaa katika mafuta ya mwili. Kadiri mtu anavyozeeka, misuli hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka, huku ini likiwa limepunguza kasi yake ya kazi. Kwa hiyo, kipimo kile kile ambacho mtu alikistahimili akiwa na miaka 30 huweza kumlemea akiwa na miaka 70. Aidha, THC huufanya moyo uende mbio, na mtu asimamapo ghafula shinikizo la damu huweza kushuka. Mzee ambaye tayari anameza vidonge vya kulishusha shinikizo hilo huamka usiku kwenda msalani, akapatwa na kizunguzungu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Jamaa zake watasema ni uzee. Tabibu asiyejua habari ya msokoto huenda akadhani kwamba vidonge alivyoandika vina nguvu mno, akavipunguza, na hapo maradhi ya asili yakapata mwanya wa kuleta kiharusi.

Kuna pia ugomvi kati ya dawa na dawa. Warfarini ni dawa ya kuzuia damu kuganda, na hupewa watu wenye maradhi fulani ya moyo na ya mishipa. Bangi, hasa kemikali yake nyingine iitwayo kanabidioli, huweza kulizuia ini kuivunjavunja warfarini hiyo, ikarundikana mwilini na mgonjwa akavuja damu. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za kifafa zikichanganyika na bangi huongeza usingizi mzito na kuchanganyikiwa. Kuhusu upasuaji, mwaka 2023 jumuiya moja ya wataalamu wa nusukaputi na maumivu nchini Marekani ilitoa mwongozo kwamba kila mgonjwa anayekwenda kupasuliwa aulizwe kama anatumia bangi, kwa sababu mtumiaji wa kila siku huenda akahitaji dawa nyingi zaidi za kumlaza, na aliyevuta muda mfupi kabla ya upasuaji huweza kuuhatarisha moyo wake.

Tena kuna jambo ambalo huwachanganya hata wauguzi hodari. Mtu aliyezoea bangi kwa miaka mingi akilazwa wodini, na kwa hivyo kuiacha ghafula, huweza kukosa usingizi, kukataa chakula, kutokwa na jasho na kuwa mkali kwa watu, kuanzia siku ya kwanza au ya pili hadi wiki mbili hivi. Asiyejua sababu atasema kwamba mzee amerukwa na akili. Kinyume chake pia hutokea: mzee aliyezidisha bangi nyumbani, au aliyekula biskuti au keki yenye bangi bila kujua, huonekana amepotewa na fahamu, na watu wakaamua kwamba ameingiwa na maradhi ya kusahau ya uzeeni. Bangi iliyoliwa huchelewa kufanya kazi, kwa nusu saa hadi saa mbili, kisha hudumu kwa saa nyingi. Kwa hiyo anayekula huongeza kipande cha pili akidhani cha kwanza hakina nguvu. Nchini Kanada, ambako bangi iliruhusiwa kisheria mwezi wa Oktoba 2018, uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Ontario ulionyesha kwamba wazee waliofikishwa hospitalini kwa kudhuriwa na bangi waliongezeka, hasa baada ya vyakula vyenye bangi kuruhusiwa kuuzwa madukani.

Haki yatudai tuseme pia kwamba mzee anayedai kupata nafuu si lazima awe anajidanganya. Mwaka 2017, Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilichapisha ripoti kubwa iliyokiri kuwapo kwa ushahidi kwamba bangi au dawa zitokanazo nayo huwasaidia baadhi ya watu wazima wenye maumivu sugu, na hupunguza kichefuchefu kinachosababishwa na dawa za saratani. Lakini nafuu hiyo ilipimwa kwa vipimo vinavyojulikana, si kwa msokoto ambao hakuna ajuaye nguvu yake. Na mengine yasemwayo mitaani hayana msingi. Wapo wanaoamini kwamba bangi hutibu presha ya macho, ugonjwa unaopofusha polepole. Ni kweli kwamba hushusha shinikizo ndani ya jicho, lakini kwa saa tatu au nne tu. Mgonjwa angelazimika kuvuta mchana na usiku bila kukoma, ilhali yapo matone ya macho yafanyayo kazi hiyo bila kulevya. Mzee anayetegemea msokoto kuyaokoa macho yake yuko katika hatari ya kuyapoteza.

Vivyo hivyo kwa maumivu makali ya saratani. Kuna dawa halali ya maumivu hayo, nayo ni mofini, ambayo wataalamu wa tiba shufaa huitoa kwa utaratibu maalumu. Mjini Mombasa kuna Coast Hospice, taasisi inayowahudumia wagonjwa wa aina hiyo. Mzee ambaye hakumwambia daktari kwamba anavuta bangi kwa sababu ya maumivu, amemnyima daktari habari iliyo muhimu kuliko zote, kwamba maumivu yake yamewashinda hata wauguzaji wake wa nyumbani. Swali la bangi, likiulizwa vyema, mara nyingi hufungua mlango wa swali jingine: unaumwa wapi, baba, na kwa muda gani?

Kwa nini basi wazee hunyamaza? Sababu ya kwanza ni sheria, na hofu yao si ya kipuuzi. Sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 10 kwa mtu aliyepatikana na bangi hata kama ni ya matumizi yake mwenyewe. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2022, lakini bangi ingali haramu nchini Kenya. Mzee aliyeishi miaka 30 chini ya sheria hiyo hawezi kutarajiwa kulitamka jina la bangi mbele ya mtu aliyevaa sare, awe askari au muuguzi.

Sababu ya pili ni dini na heshima. Katika pwani hii ya kusini, mzee ni mtu wa msikitini, ni msuluhishi wa ndoa, ni mwenye kuombwa dua. Kilevi ni haramu, naye alijua hivyo tangu chuoni. Anachokiogopa si kifungo pekee, bali kuvuliwa stara yake mbele ya watu. Ya tatu, ambayo yawahusu moja kwa moja wasomaji wetu wanafunzi, ni yule mjukuu aliyeketi kando yake. Mara nyingi mwanafunzi ndiye amsindikizaye babu au nyanya hospitali, kwa sababu ndiye ajuaye kusoma karatasi za dawa na ndiye amsaidiaye kueleza maradhi yake. Je, mzee aliyemwonya mjukuu huyo dhidi ya bangi tangu utotoni atasema mbele yake kwamba yeye mwenyewe huivuta?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hizi twazifundisha shuleni kila mwaka. Hata hivyo, kumwambia mzee aseme bila ya kumhakikishia usalama wake ni kumtwika mzigo peke yake. Yafaa ajue kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 11, inasema kuwa habari za mgonjwa ni siri. Vipo vighairi, kama vile amri ya mahakama au hatari kubwa kwa afya ya umma. Lakini mazungumzo ya kawaida baina ya mgonjwa na tabibu wake si jambo la kupelekwa kituo cha polisi. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 57, inawapa wazee, yaani waliofikia umri wa miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na Serikali. Hakuna heshima katika chumba cha daktari ambamo mlango uko wazi, foleni inasikiliza, na muuguzi anapaza sauti, "Kumbe wewe mzee unavuta bangi!" Neno moja la namna hiyo huwafunga midomo wazee wa kijiji kizima, kwa maana habari huvuka bahari haraka kuliko mashua.

Huenda msomaji akauliza: je, kumuuliza mzee habari za bangi bila kumkemea si kuihalalisha? Sivyo kabisa. Mwaka 2021, Warastafari waliwasilisha shauri katika Mahakama Kuu kuomba waruhusiwe kutumia bangi. Hilo ni suala la majaji na Bunge, wala halihitaji kuamuliwa ndipo mzee apimwe presha. Muuguzi anayemuuliza mgonjwa kama anavuta sigara hauzi sigara. Isitoshe, kaunti yetu imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Huko Kombani, mkabala wa kuwatibu watumiaji wa heroini ni kuwapa methadoni chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, ambao huwasikiliza pasipo kuwahukumu. Ikiwa aliyezama katika heroini hupokewa kama mgonjwa, ni kwa sababu gani mzee mwenye maumivu ya magoti apokewe kama mhalifu?

Yapo mambo ambayo yaweza kufanyika bila ya kungoja bajeti mpya. Kwanza, wahudumu wa afya waulize, na wamuulize kila mzee, ili asiwepo atakayehisi kwamba ametiliwa shaka. Lugha nayo ichaguliwe. Asiyesema, "Wewe unatumia mihadarati?" bali akasema, "Mzee wangu, huwauliza wote swali hili ili dawa zisigombane mwilini: kuna kitu kingine utumiacho nyumbani, cha kunywa, cha kutafuna, cha kupaka au cha kuvuta?" huyo ataupata ukweli. Na kabla ya kuuliza, amwombe mjukuu kwa upole asubiri nje kidogo.

Pili, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao Serikali iliwazindua mwezi Septemba 2023 wakiwa takriban 100,000 kote nchini, na kuwapa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, wafundishwe swali hilo pia. Wao huwafikia wazee majumbani mwao, mahali ambapo mzee ana utulivu na hana haja ya kulipa nauli.

Tatu, walimu wetu wa ushauri nasaha waupanue uwanja wa mafunzo yao. Somo la dawa za kulevya likimhusu kijana pekee, mwanafunzi hujifunza kwamba mtumiaji ni mtu mbaya wa kukimbiwa; hajifunzi la kufanya amkutapo mtumiaji huyo ndani ya nyumba yao, tena akiwa ni mtu anayempenda na kumheshimu. Mwanafunzi afundishwe kwamba dawa mbili zaweza kugombana, kwamba orodha ya dawa za babu haikamiliki bila ya mitishamba, tumbaku na bangi, na kwamba siri ya mgonjwa ni amana.

Nawe mwanafunzi, kazi yako si kumpeleleza babu wala kumtangaza kwa majirani. Kazi yako ni kumwambia neno moja kabla hamjapanda chombo: "Babu, mimi nitakungoja nje, wewe mweleze daktari kila kitu." Neno hilo ni jepesi, lakini humwondolea mzee shahidi aliyemwogopa kuliko wote. Na nyinyi wazee wetu, jibu tunalowaomba ni fupi: "Mwanangu, mimi huvuta bangi usiku, kiasi kadhaa, kwa sababu ya jambo fulani." Kiasi, wakati na sababu, hayo matatu yamtosha tabibu kuanza kazi yake. Wala asiwaambie mtu mwache dawa za hospitali kwa ajili ya msokoto, au mwache msokoto wa miaka 40 kwa siku moja bila ya ushauri.

Twasema daima kwamba penye wazee haliharibiki neno. Basi na tuhakikishe kwamba penye madaktari neno la mzee haliharibiki pia, kwa kukemewa, kuchekwa au kutangazwa. Hospitali za kaunti zina dawa, na Funzi ina vyombo vya kuwavusha wagonjwa. Kilichobaki ni mzee kuuamini mlango wa daktari, na kuujenga uaminifu huo ni wajibu wetu sisi tulio wazima kabla ya kuwa wajibu wake yeye aliye mgonjwa.